Kadi ya Mwisho

Fundi anapaka rangi mlango wangu, na harufu ya tapentaini imenirudisha kwenye chumba chetu cha Kariakoo. Baba amepiga magoti sakafuni, brashi mkononi, ananikataza hata kupiga chafya.

Alikuwa akiandika majina ya watu waliotengeneza filamu fupi za kilimo, yale yanayopita mwishoni. Kila jina aliliandika kwa rangi nyeupe kwenye kadi nyeusi, kisha kadi zikaenda kupigwa picha. Safari ile mkubwa wake alimruhusu aandike na lake, liwe la mwisho.

Mama aliazima viatu. Akaalika majirani, hadi wa kule Msimbazi. Mchana wa kuionyesha filamu tukajaa ukumbini, madirisha yamezibwa kwa magunia. Filamu ilipoisha, majina yakaanza kupita. Likapita la mpiga picha, la dereva wa trekta, hata la mpika chai. Mama alikuwa amenishika mkono, akiubana kila kadi ilipobadilika. Halafu ukuta ukabaki mweupe mtupu.

"Jirani, lako limepita saa ngapi?" mama mmoja akauliza. "Mbona sijaliona?"

"Herufi zote zile ni zangu," baba alijibu, akacheka peke yake.

Nyumbani aliitoa ile kadi chini ya godoro. Kazini walikuwa wamemrudishia kitambo, haikupigwa picha. Alijua tangu mama anahangaika na viatu.

Mama aliitazama, akaifunikia mtungi wa maji.

Tangu siku hiyo, kila tulipotaka maji ya kunywa, ilibidi kwanza tuliondoe jina la baba.