Siku Niliyolinyoosha Shamba la Otilia

Hili nilipanga kuzikwa nalo. Hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto na macho yanatafuta pa kujificha, lakini kwa kuwa mmenibana na kila mtu hapa ameshasema la kwake, nami nitasema, ila mcheke polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya milimani, upande wa Ukata, na cheti sina. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwenye kibanda cha kutoa fotokopi pale Mbinga mjini, kwa kubonyeza kila kitu mpaka mwenye mashine anifukuze, basi mkuu wa shule alipopata kompyuta nne za mitumba (ndiyo miaka ile soko huria limefunguka na kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kikiwa kimeshatumika) akaniita nijitolee. Nikaja. Na kila asubuhi niliamka na hofu ile ile, kwamba ipo siku mtu atasimama aulize, huyu kijana alisomea wapi? Kwa hiyo nilitaka kila kitu kinachotoka mikononi mwangu kisiwe na doa. Barua ya mistari mitano naichapa mara sita. Kiti kikikaa upande, silali.

Wanafunzi niliwapa kazi moja, na mpaka leo naamini kazi yenyewe ilikuwa nzuri: kila mtu achore kwenye kompyuta, hatua kwa hatua, shughuli moja inayofanywa nyumbani kwao, aandike na maelezo, halafu tuzionyeshe siku ya wazazi. Otilia wa kidato cha pili, ambaye alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, alichagua ngoro, yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko. Alikaa na bibi yake wiki mbili akimuuliza hiki na kile.

Baba yake kompyuta hakuielewa. Ulikuwa msimu wa kahawa, wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na gari lake, na mikono ya kuchuma haitoshi, na huyu binti anabaki shuleni kila jioni kwa sababu jenereta huwashwa jioni. Akamwambia mbele yangu kwamba siku ya wazazi atakuja kuangalia, na asipoona la maana, jioni zote Otilia atakuwa kwenye kahawa kama wenzake. Alilisema kwa upole kabisa. Angefoka ningeogopa kidogo tu.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, jenereta imewashwa mapema kwa ajili ya wageni, zimebaki saa mbili wazazi waingie, nikafungua kazi ya Otilia nihakikishe. Sasa mimi ni mtoto wa Lipingo, ziwani. Niulize kuvuta wavu, niulize kuanika usipa, dagaa wetu wa kule, nitakujibu. Ngoro nilikuwa nimeziona kwa dirisha la basi. Nilichokiona kwenye ile kompyuta ni mistari iliyopinda inayokatana kama wavu uliochakaa, majani yanatokeza chini ya udongo kama vile mtu amesahau kufagia, na bibi ameinama, kichwa chake kikubwa kuliko jembe. Nikajisemea, nitanyoosha mstari mmoja tu.

Mmoja ulipokaa sawa, wenzake wakaonekana wabaya zaidi, nikawanyoosha nao, halafu ile ya kukatisha ikawa inaniharibia, nikaifuta yote, ikabaki mistari minane mizuri inayoshuka kutoka kileleni mpaka bondeni, imenyooka kama rula. Majani nikayafuta. Bibi nikamwondoa, mahali pake nikaweka picha ya mkulima iliyokuja na kompyuta yenyewe, mzungu mwenye kofia pana na suruali ya mikanda ya mabegani (naapa nilimwona anafaa sana). Nikahifadhi juu ya ile ile ya Otilia, kwani ya zamani ya nini tena? Otilia mwenyewe sikumwambia. Nilitaka iwe furaha ya ghafla.

Madirisha ya darasa tuliyaziba kwa blanketi na khanga, projekta ya kuazima ikamulika kwenye shuka jeupe. Wavulana wawili wakaanza na kazi yao ya kumenya kahawa, wakapigiwa makofi. Kisha akaja Otilia mbele, nikabonyeza, akageuka kuitazama kazi yake ili aielezee, na mdomo aliokuwa ameshaufungua akaufunga.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa akina mama. Mzee mmoja akaniuliza kwa heshima lile ni shamba la nani. Mimi nikadhani nasifiwa, nikasimama na kusema kwa sauti kwamba ni la akina Otilia.

"Basi tuwape pole," akasema. "Mvua ya kwanza tu, shamba hili mtalivua huko kwenu ziwani, mwalimu."

Darasa likavunjika mbavu. Hapo mama mmoja akadakia, "Na huyu baba wa kofia ndiye anayefukia? Kumbe siku hizi wanaume wanafukia wenyewe, na sisi tumekaa tu hatujaambiwa."

(Mwanamume hufyeka na kuyapanga majani yakikatana, mwanamke ndiye anayechimba katikati na kuyafukia kwa udongo, na yale majani yakioza ndiyo mbolea, na ile mistari ya kukatisha ndiyo inayozuia maji. Hayo yote niliyajua siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama, na jasho.)

Baba yake Otilia akainuka, watu wakatulia. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa mbele, amejifunga khanga ya kanisani.

"Otilia, hivi ndivyo bibi yako alivyokuelekeza?"

Otilia akanitazama mara moja tu. Na mimi, jamani, aibu yenyewe ndiyo hii, kile kicheko hakikuwa kitu, mimi nikainama kushika waya wa projekta kana kwamba una hitilafu.

"Nilikosea, baba," akasema. "Sikumsikiliza bibi vizuri."

Bibi akaangalia mikono yake.

Sijui nilikaa na ule waya muda gani, najua tu kwamba niliponyanyuka na kusema, "Si yeye, nimeibadilisha mimi leo asubuhi," Otilia alikuwa ameshakwenda kukaa. Mtu akauliza niliibadilisha kwa nini. Nikajibu ilikuwa imepinda. Wakacheka tena, ila baba yake hakucheka.

Alipotoka nje nikamfuata, nikampa shikamoo kwa mara ya pili siku ile, nikamwambia arudi ndani nimwonyeshe ile ya kwanza aone kazi halisi ya binti yake, na maneno yakiwa bado mdomoni nikakumbuka kwamba haipo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"La picha nimeshasamehe, mwalimu, wewe ni mgeni wa huku," akasema. "Lakini mtoto wangu amemkana bibi yake mbele ya watu ili akufiche wewe. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

Akamwita Otilia, akaondoka naye. Jioni zote za msimu ule Otilia alikuwa kwenye kahawa.

Kahawa ilipokwisha alimruhusu, wala hakuniwekea sharti. Otilia akakaa mahali pake, nikamwambia achore chochote anachotaka. Akachora mstari mfupi, akasimama, akaniangalia. "Niendelee, mwalimu?" Nikamwambia endelea. Wa pili, "Hapa panafaa?" Ikawa hivyo muhula mzima, yule yule ambaye zamani nilikuwa namwomba aache kompyuta ipumzike.

Tangu hapo nimeapa sigusi kazi ya mwanafunzi. Napita kati ya meza nimefunga mikono mgongoni, na nikiona mstari umepinda, vidole vikianza kuwasha, nauliza tu, huu unakwenda wapi? Halafu nangoja. Wengi hunieleza, na mara nyingi unakuwa na pa kwenda. Otilia nikimuuliza hivyo, alikuwa anaufuta.