Mvule wa Ukingoni

Iliasi, mchonga mitumbwi wa Nyangwe, hakumwamini mtu yeyote aliyetoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, hata mume wa dada yake. Alikuwa na sababu. Chini ya kijiji kulikuwa na msitu kama wake, mpaka wachimba dhahabu walipopita. Miti ikaanguka, mto Lualaba ukameza ukingo, na wenye msitu wakabaki kuusimulia. Dhahabu, alisema Iliasi, humtoa mtu utu kabla ya kumtoa jasho.

Kwa hiyo Sumaili, shemeji yake, aliporudi kutoka machimboni na mkewe Mounira, dada yake Iliasi, na mtoto wao mchanga, Iliasi alimpokea kwa mikono miwili huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja akamwona anatoka msituni, jembe begani.

"Shemeji, unatoka wapi na jembe?"

"Niko natembea tu, shemeji."

Kutembea na jembe! Iliasi akaenda moja kwa moja kwenye mvule mkubwa wa ukingoni aliouachiwa na baba yake. Shinani udongo ulikuwa mbichi, umefukuliwa na kushindiliwa upya. Hasira ikampanda. Amepata dhahabu huyu, sasa ataita wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako!

Angeweza kuuliza. Hakuuliza. Kama mvule ni wa kuanguka, na uanguke kwa shoka lake, apate walau mtumbwi. Wageni walipokwenda Kasongo kusalimia ndugu, akaukata.

Mounira ndiye aliyeuona kwanza, mtoto mgongoni. Alipiga magoti kando ya kisiki, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Kaka, nani alikata huu muti?"

"Ni mimi. Bwana yako alikuwa anatafuta dhahabu hapa."

"Dhahabu? Hapa tulizika kitovu ya mutoto. Alizaliwa kule ku mashimo, mbali na kwetu. Nikasema muti wa baba utamukamata, abaki mutoto wa kwetu."

"Mbona hamukuniambia?"

"Kitovu haitangazwi, unajua. Na tangu tufike, unatuangalia vibaya. Tulikuogopa, kaka."

Iliasi aliona aibu hata akashindwa kumtazama mtoto.

Hakuna mtu aliyewahi kuja kutafuta dhahabu pale. Lakini mvua za mwaka uliofuata zilianza kuumega ukingo karibu na kisiki, na kila zinaponyesha Iliasi hukimbilia huko na mawe, kukilinda kitovu cha mpwa wake.