Siku Mama Alipokuja Kuniaga Stesheni

Wanaosema zamani mambo yalikuwa mazuri hawakuishi Dodoma wakati wa Mdachi. Mimi niliishi, tena nikiwa kijana mwenye meno yote isipokuwa yale mawili ya chini ambayo kwetu Ugogo hung'olewa, na mpaka leo sina la kuusifia mji ule. Kama ulikuwa mji. Boma upande huu, stesheni upande ule, maduka machache ya Wahindi katikati, na vumbi juu ya vyote. Nyuma ya stesheni kulikuwa na safu ya vyumba vya wafanyakazi wa reli. Katika chumba kimoja, chenye mlango mmoja, nilikaa na mume wangu, mtu wa pwani aliyekuja na reli na kunioa kutoka kwa mama yangu mjane huko Nkuhungu. Kutoka Nkuhungu hadi mjini ni mwendo usiomchosha hata mtoto.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kugeuza njia za reli. Akivuta chuma chake, gari linakwenda huku. Akikirudisha, linakwenda kule. Nadhani kazi ile ndiyo iliyomharibu, maana alikuja kuamini kwamba kila kitu duniani kitamfuata akivuta.

Sisi wanawake wa vyumba vile tulikuwa na matembezi yetu. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, basi tulitembea. Tulikwenda korongoni kufukua maji kwenye mchanga, nako tukakuita kutembea kwa sababu tulipiga soga njia nzima. Siku ya sikukuu ya mfalme wa Wadachi tulikwenda bomani, tukapangwa juani, tukaambiwa tupige makofi, tukapiga. Lakini matembezi yenyewe hasa yalikuwa siku za gari la moshi. Stesheni ilikuwa hatua mia kutoka mlangoni kwetu, nasi tulijiandaa kama tunaokwenda harusini. Tulijifunga kanga, tukajipaka mafuta, tukasimama nyuma ya mstari ambao askari aliuchora mchangani kwa fimbo, kumtazama anayeshuka. Akishuka Mzungu na mbwa wake, tulizungumza juu ya mbwa siku tatu. Wakishuka Warangi wa Kondoa waliotoka kuuza samli na asali, tulitazama wamenunua nini.

Mama naye alikuja siku hizo. Alitoka Nkuhungu asubuhi na kaniki yake na shanga zake, akaketi nami penye magunia ya chumvi, akampakata mwanangu. Alilipenda gari la moshi kuliko sisi sote. Alisema linakunywa maji kama ng'ombe na maziwa halitoi, basi waliolitengeneza ni watu wa hasara. Chumbani kwangu hakuingia hata siku moja. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawaketi chini ya paa moja. "Kumtazama mkwe usoni ni kumvua nguo," mama aliniambia, "naye akikutazama, amekuvua wewe." Basi tulionana stesheni, saa ambazo mume wangu yuko mbali kwenye vyuma vyake.

Mume wangu aliyajua haya. Aliambiwa kabla ya ndoa, akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu. Siku moja alikutana na mama kwenye njia ya Nkuhungu. Mama aliruka kando akaingia kwenye migunga, akajifunika kaniki kichwani, na miiba ikamchana mikono. Mtu muungwana angepita haraka. Yeye alisimama pale pale, akamsalimu shikamoo kwa sauti kubwa, akangoja aitikiwe. Jioni aliwasimulia wenzake kwenye kahawa, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilikuwa ndani nikikoroga uji wa mtoto, nikisikia kila neno.

Iko njia ya kuulegeza mwiko ule. Mkwe hupeleka mbuzi kwa mama mkwe, wazee wakasema maneno yao, na tangu hapo wawili wale wanaweza kuonana bila aibu. Nilimwomba mume wangu apeleke. Alisema kesho. Kesho yake ilichukua miezi, lakini hatimaye alimnunua mbuzi, beberu mweusi, akamfunga nje ya chumba chetu. Nilifurahi kama mjinga. Siku ya tatu walishuka ndugu zake wawili kutoka pwani, na kabla sijarudi na maji kutoka korongoni mbuzi alikuwa ameshachunwa. Nilimuuliza na mama je? Akanijibu kwamba wageni ni baraka.

Kisha ikaja amri kwamba ahamie Tabora. Hakuna aliyejua kwa muda gani, na kwa watu wa reli kutojua maana yake ni moja, hutarudi. Nilimtumia mama habari kwa mwanamke wa kwetu aliyekuwa akiuza maziwa mjini. Nilimwambia aje stesheni siku ya gari, asiogope, kwa kuwa mkwe wake atapanda behewa la mbele pamoja na wafanyakazi wenzake nami nitakuwa la nyuma na mtoto. Aje moja kwa moja mpaka dirishani. Nilitaka amshike mtoto mara ya mwisho na kumtemea mate ya baraka kifuani, jinsi bibi afanyavyo.

Siku hiyo nilipanda mapema nikapata nafasi ya dirishani. Mtu wa leo hawezi kujua maana ya nafasi ya dirishani katika behewa la watu weusi. Ndani mlikuwa na moshi, kuku, matapishi na watu waliokaliana mapajani. Dirishani mlikuwa na hewa. Nilimwona mama akitoka upande wa magunia, amevaa kaniki mpya, mkononi ana kibuyu cha maziwa ya mgando. Moyo wangu ulifurahi. Na hapo hapo mume wangu akaingia behewani kwetu, akaja akasimama nyuma yangu, akatoa kichwa na mabega yake nje ya dirisha langu. Alisema kule mbele kumejaa.

Mama alikuwa amebakiza hatua chache. Alimwona. Akageuka papo hapo, akatupa mgongo, akavuta kaniki mpaka usoni, akasimama hivyo katikati ya watu huku askari akimsukuma na watu wakimkanyaga. Hakuondoka, wala hakugeuka. Alimpa kibuyu mwanamke aliyekuwa karibu naye, na yule ndiye aliyekileta dirishani.

Nilimwambia mume wangu, "Bwana, tafadhali kaa chini kidogo tu, mama apate kumuaga mtoto."

"Kama anataka kumwona," alisema, "macho anayo."

Nilimwomba tena. Alikuwa akiwapungia rafiki zake, akitupiana nao maneno. Kengele ya kwanza ilikuwa haijalia. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu nimelizungukazunguka miaka mingi. Muda ulikuwapo. Mlango wa behewa ulikuwa wazi, hatua nne kutoka nilipokaa. Ningeshuka na mwanangu, ningemzunguka mama mpaka mbele ya uso wake, ningempa mtoto amshike, na bado ningepanda tena. Lakini nyuma yangu alisimama mwanamke mnene mwenye mizigo, jicho lake liko kwenye kiti changu. Niliyajua yale macho. Nikajiambia ngoja kidogo, huyu bwana ataketi sasa hivi. Nikangoja. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia hata mama, kwamba anashindwa kugeuza shingo mara moja tu, nani angemuua? Nikaendelea kukaa.

Kengele ikalia mara ya kwanza na ya pili, gari likatikisika. Hapo ndipo mume wangu alipochoka kupunga, akaketi. Nilitoa mwili mzima nje ya dirisha nikapiga kelele, "Mama, geuka, ameketi!" Sijui kama alinisikia katika mlio ule. Alipogeuka, behewa letu lilikuwa limeshapita, na lililokuwa mbele yake ni la ngozi za ng'ombe. Mama aliliinulia mkono.

Sikurudi mpaka vita vilipokwisha na Wadachi wakawa wameondoka. Mume wangu alibaki Tabora kaburini, na sikumlilia sana. Nkuhungu nilikuta njaa imepita. Nyumba ya mama ilikuwa imeanguka, na yeye alikuwa amezikwa na majirani wenyewe wasio na nguvu za kuchimba. Bibi mmoja aliyekuwa rafiki yake, ngozi na mifupa mitupu, alinikaribisha akanipa maji ya kunywa, maana kingine hakuwa nacho. Nilimwamkia. Alimtazama mwanangu, ambaye sasa alikuwa mkubwa, akatabasamu.

Alisema anamjua mtoto huyu. Mama aliwasimulia mara nyingi, hata katika siku zile za mwisho, habari za siku tuliyoagana. Kwamba nilishuka kutoka ndani ya gari mbele ya watu wote na Wazungu wao, nikampa mtoto mikononi, naye akamtemea mate ya baraka. Kwamba tulikaa pamoja penye magunia mpaka kengele ikalia, na nililia, akanifuta machozi kwa kaniki yake mpya.

"Ulifanya vema, mwanangu," yule bibi aliniambia. "Wengine wakishapanda gari hawashuki."

Nilimjibu kwamba ndiyo, nilishuka.