Sikio la Shimoni

Mume wangu shimoni wanamwita Sikio. Kazi yake ni kuwatangulia wenzake chini na kinyundo, agonge mwamba ulio juu ya vichwa vyao, asikilize. Mwamba mzima unalia kama kengele. Uliolegea unatoa sauti ya debe bovu. Akisema rudini, wanarudi, hata kama dhahabu inawakonyeza.

Na ni mwoga huyo, msidanganyike. Asubuhi hata chai haipiti. Huwa namtania, "Baba watoto, unaenda kazini au kwenye mtihani?" Ananijibu kwamba woga ndio unaomrudisha nyumbani.

Wanetu aliwalaza kwa hadithi ya maji ya moto yaliyopanda kutoka chini kabisa, zamani za kale, yakajipenyeza kwenye nyufa za mlima, yakapoa na kuacha jiwe jeupe lenye dhahabu ndani. Wachimbaji wa enzi za babu zetu walilifuata jiwe hilo, ila waliacha nguzo zake humo humo zishikilie mlima. Sasa kwingine kote limekwisha, zimebaki nguzo. Na nguzo nazo zina dhahabu! Basi wanaume wazima wanazinyoa, kila mtu anasema nachukua kidogo tu. Jamani, watu wana moyo.

Mimi hofu ilinikuta jikoni. Sufuria ilianguka nyuma ya mume wangu, mfuniko ukazunguka sakafuni kwa kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Yeye anakata vitunguu tu. Nikamgeuza.

"Hukusikia?"

Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, anaisoma. Akakiweka kisu chini.

"Usimwambie mtu," akasema.

Mashine za kutoboa miamba zilikuwa zimemla masikio, na wenzake hawana habari.

"Mwamba nausikia kwa mkono," akaniambia.

"Mkono! Nidanganye mimi, mlima utaudanganyaje? Kesho mwanao mkubwa anaingia kunyoa nguzo kubwa."

"Najua. Ndiyo maana lazima nimtangulie mimi. Nimwachie nani?"

Sikulala. Kulipokucha akatoka, nami nikamfuata na kandambili zangu. Nilifika amekwisha panda kutoka chini, vumbi mpaka kwenye nyusi, kinyundo mkononi. Alinipa mgongo. Wenzake walikuwa wamesimama mbele yake, wanangoja neno lake.

"Paa zima," akawaambia. "Shukeni."

Kifunguamimba wetu akaweka mguu kwenye ngazi. Nilimwogopa mume wangu, niliogopa aibu atakayoipata, lakini lile shimo nililiogopa zaidi.

"Baba watoto," nikaita. "Geuka."

Nikaita tena kwa nguvu. Mara ya mwisho nilipiga yowe, yowe la msiba, mpaka waliokuwa wanaponda mawe kule ng'ambo wakaacha wakasimama. Kila mtu aligeuka kunitazama. Yeye hakugeuka. Alikuwa anafuta kinyundo chake kwenye suruali.

Mwanangu aliniangalia, akamwangalia baba yake. Akautoa mguu kwenye ngazi.

"Mbona hamshuki?" Sikio akawauliza. "Nimeshasema paa zima."

Mwanangu akamshika mabega, akamgeuza taratibu mpaka akaniona, mdomo wangu bado uko wazi.