Shina Lililoiva Mapema

Baba alifanya kazi miaka yake yote kwenye mashamba ya majaribio ya ngano, mkono wa kulia wa wataalamu. Alipostaafu hakurudi kwetu magharibi. Alikuja kukaa nami Kitengela, akageuza uwanja wangu wa nyuma kuwa shamba. Alitaka ngano ya kuiva kabla mvua ya Kajiado haijatukimbia. Alichukua chavua ya shina moja kwa kibanio changu cha nyusi, akaipaka kwenye lingine, akalifunika suke kwa karatasi. Msimu baada ya msimu alipanda mbegu za mashina yaliyowahi kuiva, akaziacha za yaliyochelewa. Nilimcheka. Nilimwambia unga wa chapati uko dukani.

Halafu kiharusi kikampoozesha upande mmoja. Nikawa napanda mimi, yeye akielekeza kutoka kitini. Msimu huo shina moja, moja tu, lilianza kuiva wiki mbili kabla ya mengine. Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

Lakini shina linaloiva peke yake ndilo ndege huliona kwanza. Aliniomba wavu. Nikasema kesho, nikasema Ijumaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumapili nilikuwa na zamu ya kusoma Neno kanisani.

"Leo usiende, mama," alisema kwa ulimi wake mzito. "Hizo ndege ziko karibu."

"Baba, hata ndege hupumzika Jumapili."

Nilimkalisha kando ya ngano, nikamwekea gorogoro tupu, kopo la kupimia unga, mapajani na kijiko mkononi, agonge awafukuze. Nikafunga kitambaa changu cha kichwa nikaenda.

Niliporudi, gorogoro ilikuwa imebingirika hadi kwenye ua. Kijiko alikuwa bado amekishika. Masuke yote matano ya lile shina yalikuwa makapi. Alikuwa ametazama kila kitu, hatua tatu kutoka pale, hawezi kusimama wala kupaza sauti. Nilipiga magoti nikachakura udongo mpaka kucha zikatoka damu. Sikupata punje hata moja. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alikufa kabla ya mvua iliyofuata. Tangu tumzike nimepanda mara tatu, kwa mbegu alizobakiza kwenye chupa, ndugu za lile shina. Wavu ninao siku hizi, mzuri kabisa, na ngano ikianza kukauka siendi kanisani. Huota vizuri. Kisha huiva yote kwa pamoja, punje nyembamba, mvua ikiwa imeshatukimbia.