Mguu wa Mama Chini ya Taa Nyekundu

Wengi waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hawarudi wakishapata cheti. Mimi nilirudi. Nina diploma ya maabara, na karo yake niliilipa mwenyewe kwa kukaanga chapati mtaa wa Kakoba, mjini Mbarara, kitabu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Nalisema bila aibu, kwa sababu elimu hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba mguu wa mama yangu ulikuwa unaondoka.

Alijikata kwa jembe chini ya goti, kidonda kikaoza. Usaha wake niliupima mimi: vidudu vilivyokuwamo vilistahimili kila dawa tuliyokuwa nayo. Daktari mmoja wa Mbarara, rafiki yangu, alikuwa akijaribu tiba nyingine. Kidonda kinapakwa rangi ya buluu, inaachwa iingie ndani ya vidudu, kisha kinamulikwa kwa taa nyekundu. Gizani rangi ile haina makali. Mwanga ndio unaoiamsha iue hata vidudu vilivyozoea vidonge. Ila alituonya mapema kwamba kidonda kisipobadilika, mguu utakatwa.

Nikawa nampeleka Mbarara kila wiki. Majirani walimtania akipanda boda, wakimuuliza kama mguu wake umeanza kwenda disko, maana unarudi na rangi. Alicheka nao. Lakini kila safari kidonda kilinuka vilevile, na daktari akaanza kuongea nami kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na wafiwa.

Siku moja niliomba nipake rangi mwenyewe. Ilijikusanya vitone vitone, ikateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Nikanusa glavu. Harufu ile nilikua nayo: mafuta ya ng'ombe.

Kwetu, watu wa ng'ombe wa Kivu Kusini, Kongo, mtu haendi mbele ya wageni na ngozi kavu. Mama alikuwa anajipaka kila alfajiri ya safari, hata juu ya kidonda, kisha anapangusa asichafue shuka za daktari. Alipoulizwa kama anatumia dawa nyingine alijibu hapana, wala hakudanganya. Mafuta kwake si dawa. Ni heshima.

Nilimweleza kwamba yanazuia rangi isiingie, taa inamulika bure. Aache kuyapaka.

"Hii mafuta ndiyo ilinitoa Kivu na miguu yote mbili," alisema. "Ile taa yako imenifikisha fasi gani?"

Nikamkumbusha kwamba nimesoma, na kwamba yeye ndiye aliyenituma shule.

"Nilikutuma usome. Sikukutuma unipeleke mbele ya watu nikiwa mukavu, kama mama asiye na watoto."

Daktari aliuliza amesema nini. Sikuweza kutafsiri. Mama mwenyewe akanyoosha mguu, akageuzia uso ukutani. Tuliosha kwa sabuni na maji ya chumvi mpaka utelezi ukaisha. Safari hii rangi ilishika.

Wiki iliyofuata mama alimwomba jirani amsindikize. Mimi aliniambia niende kazini kwangu.

Mchana daktari alinipigia simu. Nyama mpya imeanza kuota, nyekundu, na harufu imepungua. Habari ya kukata tuiweke kando kwanza. Alinipongeza, na nilistahili. Nikamwomba ampe mama simu. Nilimsikia akimwita, kisha akaniambia ameshatoka nje.