Nimesema njia ya Bogoro ni mbaya, mama akapika mbegu

Admin, ufiche jina langu, batu ba kwetu banasomaka hii page. Niko mwanamuke wa miaka 26, finaliste kwenye université moja ya hapa Bunia. Nimebakisha mémoire tu, ile kazi ya mwisho, na huu ni mwaka wa tatu inanishinda.

Sujet yangu, ile mada, inaomba niende kuuliza balimaji ba Bogoro, kule shamba ya mama iko. Wakati wa vita nilikuwa nasema "njia mbaya", bote banaitika, bananionea huruma. Ukweli? Ni woga. Niliona jury, bale ba prof banauliza maswali ku mwisho, inacheka rafiki yangu mpaka akalia, nikajiambia mimi sina kichwa ya ile mambo. Kila siku kesho, kesho, nashinda ku telefone mpaka macho inauma.

Sasa njia imefunguka. Pikipiki zinapita, majirani bamerudia mashamba. Mama alifurahi mpaka akaimba. Mimi, siku ile, roho iliniuma. Munasikia? Amani imekuja, mimi nakasirika juu imeninyanganya excuse! Ni mutu gani huyu? Najitemea mate.

Juma iliyopita directeur wangu wa mémoire akanipigia. Mama alikuwa pembeni yangu, anachagua maharagi ya mbegu, kesho yake aende kupanda Bogoro. Prof akauliza: "Bogoro umefika?" Kinywa ikasema yenyewe: "Hapana Prof, jana masasi ya bunduki imelia tena kule."

Mama akaacha kuchagua. "Ni kweli?" Nikasema ndiyo. Akanipapasa mugongo: "Usihuzunike, mutoto wangu. Haiko kosa yako. Weye uko na akili, ni hii vita tu." Kisha akabeba nusu ya ile mbegu, akaweka ku moto. "Kama hatupande, basi tukule."

Na nilikula! Nikaongeza hata sahani ya pili, eti asinizanie kitu. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharagi, natoka inje.

Mvua imeanza. Majirani banamwambia njia ni muzuri, anabakatalia: "Mutoto wangu iko université, hawezi kunidanganya." Mbegu yenye ilibakia, amesema ataipika kesho. Nikisema ukweli, hataniamini tena, na njo yeye tu duniani anaaminiaka kama niko na akili. Nikinyamaza, nitakula tena.

Nishaurini, bandugu, nifanye nini kabla sufuria ipande ku moto?